Nani Anauua Mpodo wa Mghoi?

Paukwa!

— Pakawa!

Ala! Mmeitikia kama watu walioshiba. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo sawa. Sogezeni miguu, kuni zipite. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, enzi zile mtu akimsemesha mnyama anajibiwa, palikuwa na kijiji cha mlimani, huko juu kwenye ukungu. Katika kijiji hicho alikaa mwanamke aitwaye Mghoi. Mghoi alikuwa mjane. Mumewe alikufa kwa homa kabla hawajajaliwa mtoto, akamwachia nyumba, shamba la migomba na viazi, na mama yake mzee, Bibi Wawuda. Mghoi na mama mkwe wake waliishi chini ya paa moja. Walichota maji pamoja, walipika pamoja, na usiku wa baridi walifunikwa na shuka moja. Watu walisema, wale si mkwe na mkamwana, wale ni mtu na mwanawe.

Shamba lao lilikuwa kileleni kabisa. Ukitoka gulioni bondeni, unaliona hilo kabla hujaona kitu kingine chochote. Udongo wake mweusi, maji yako karibu, upepo hauvunji migomba. Na palikuwa na mtu aliyelitaka.

Mtu huyo ni Mwashighadi, mtoto mwingine wa Bibi Wawuda, shemeji yake Mghoi. Alikuwa mrefu, mrefu, mrefu, hata akiingia nyumba za watu anaingia kwa magoti. Siku moja alisimama mbele ya kikao cha wazee akasema, "Ndugu yangu ameondoka na hakuacha mtoto. Shamba la baba yangu nalitaka lirudi kwangu. Nimesema mchana, watu wote wananisikia."

Mghoi naye akasimama. "Shamba hili nimelilima kwa mikono hii. Mume wangu amelala pale nyuma ya nyumba. Nikifukuzwa, niende wapi?"

Wazee wakabishana mpaka jua likapinda. Mwishowe mkubwa wao, Mzee Mwanjala, akasema, "Tusiumizane vichwa. Desturi yetu mnaijua. Mtu akipanda mpodo uwanjani kwake, ukashika, ukakua, pale ni pake. Basi Mghoi apande. Siku Mwashighadi atakaposimama kando ya mti huo, akainua mkono, asiifikie ncha yake, shamba ni la Mghoi. Ukikauka kabla ya siku hiyo, Mghoi afunge mizigo yake."

Watu wakacheka chini chini. Mpodo mnaujua nyinyi? Ni mti wa msituni, shina lake limenyooka kwenda mbinguni, majani membamba, ya kijani kiangazi na masika. Mkubwa wake haukumbatiwi na watu watatu. Lakini hauna haraka. Unakua kama mtu anayefikiri. Na kuushikisha uwanjani, peke yake, bila ndugu zake wa msituni, si kazi ya mchezo.

Mghoi hakucheka. Aliingia msituni, akatafuta mpodo mkongwe, akapiga magoti chini yake, akachagua mche mmoja ulionyooka, akauchimba na bonge lake la udongo, asikate mzizi hata mmoja. Hakuupanda karibu na nyumba, maana alijua ukubwa wake utakaokuja. Aliupanda katikati ya uwanja, pale peupe, ili mtu aliye gulioni akiinua macho auone. Akazungushia vijiti, akaufunika kwa majani ya migomba jua lisiuchome, akautandikia majani makavu ya msituni. Na kila asubuhi alikwenda kuuimbia:

*Mpodo wangu, mpodo,*
*kua taratibu, kua,*
*nani atakugusa?*

Mti ukashika. Masika yakaja yakapita, ukafika gotini. Masika mengine, kiunoni. Mengine tena, ukampita Mghoi mwenyewe kichwa.

Na kila siku ya gulio Mwashighadi alipanda kilima. Hakuingia ndani, hakuomba hata maji. Anasimama kando ya mti, anainua mkono wake ule mrefu, anagusa ncha ya mti kwa vidole. Kisha anasema, "Bado," anateremka.

Mghoi alimtazama kutoka mlangoni. Ile mikono! Kwa nini anagusa ncha? Kwa nini anaifinya? Alipoondoka tu, Mghoi alikimbia kuuangalia mti, jani kwa jani.

"Mama," alimwambia Bibi Wawuda, "mwanao ananitia wasiwasi."

Bibi Wawuda alikuwa anachambua maharage. "Mwashighadi ana lake," akasema, bila kuinua macho. "Mchunge."

Kiangazi kikaja, kiangazi kibaya. Hapo ndipo mti ulipoanza kuugua. Majani ya chini yakawa ya njano, ya katikati yakafuata, halafu ncha yenyewe ikainama kama shingo ya kuku mgonjwa.

Mnadhani Mghoi alilala? Hakulala! Aliwaza: ni nani? Ni nani huyu? Akaanza kumshuku kila kiumbe aliye na mdomo.

Kwanza alimwendea Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, aliyezoea kutua uwanjani.

"Hondohondo! Sema kweli, usinifiche. Nani anauua mpodo wangu?"

"Si mimi, Mghoi, si mimi!" Hondohondo akapiga mabawa. "Mimi nakula tunda la mpodo. Mti wako bado mtoto, hauna tunda. Nikiuua leo, wanangu watakula nini?"

"Mdomo huo wote ni wa nini kama si wa kuvunja?"

"Mdomo ni mkubwa, lakini angalia ncha. Imevunjwa? Haikuvunjwa. Ugonjwa haukutoka hewani." Akaruka, ameudhika.

Mghoi hakumwamini hata kidogo. Akamwendea Mbega, aliyekaa mtini na mkia wake mweupe ukining'inia.

"Mbega! Sema kweli, usinifiche. Nani anauua mpodo wangu?"

"Si mimi, Mghoi, si mimi! Mimi ni mzito, nikipanda mche ule tunaanguka wote wawili."

"Umeuchuna gome!"

"Nenda kapapase. Gome lako liko zima kama ngozi ya mtoto. Angalia chini, Mghoi. Chini!"

Huyo naye Mghoi hakumwamini. Lakini alikwenda kupapasa, na kweli, gome lilikuwa zima. Basi akapiga ardhi kwa kisigino mpaka Fuko akatoa pua, yule mchimbaji wa gizani, mla mizizi.

"Fuko! Sasa wewe nimekupata. Sema kweli, usinifiche. Nani anauua mpodo wangu?"

"Si mimi, Mghoi, si mimi." Fuko alipiga chafya. "Mizizi naila, sikatai. Viazi vyako nimevila, nisamehe. Lakini pale kwenye mti wako sipiti tena. Udongo wa pale unachoma. Umeniunguza pua, tazama!"

Mghoi akainama akatazama. Pua ya Fuko ilikuwa nyekundu, imebabuka.

"Unachoma kama nini?"

"Kama magadi."

Mghoi akarudi mbio. Akachota udongo chini ya mti, akauweka ulimini. Ukamuuma. Magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Mtu alikuwa akiumwagia mti wake maji ya magadi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tangu kiangazi kianze, Mwashighadi alikuwa haji mikono mitupu. Alipanda kilima na kibuyu cha maji begani, akaumwagia mti, kisha akapima, akasema "Bado," akashuka. Mghoi alipomuuliza mara ya kwanza kwa nini, alijibu, "Mti ukifa kwa kiu, watu watasema nimeuua mimi. Sitaki kusemwa."

Mghoi aliposimama pale na ladha ya magadi mdomoni, alikumbuka kibuyu. Kibuyu! Mtu gani anamwagilia mti unaomnyima shamba? Akavaa shuka lake akaenda moja kwa moja kwa wazee. Kikao kikaitishwa siku ya gulio, watu wengi wakiwapo.

"Huyu," Mghoi akamwelekezea kidole Mwashighadi, "anauua mpodo wangu kwa magadi. Anayaleta ndani ya kibuyu, mchana kweupe, nami nikimshukuru kama mjinga!"

Watu wakaguna. Mwashighadi alikuwa na kibuyu chake hapo hapo begani, amekijaza kisimani, anaelekea kilimani. Alikishusha, akakizibua, akanywa. Akanywa, akanywa, akanywa, maji yakimtiririka kidevuni, mpaka kibuyu kikabaki na tone. Akampa Mzee Mwanjala tone la mwisho alionje.

Mzee akaonja. "Maji," akasema. "Maji matupu."

Mwashighadi akajifuta mdomo. "Shemeji, shamba lako nalitaka. Nililitaka jana, leo nalitaka, na ukishindwa nitalichukua wala sitaona haya. Lakini sijakuibia kitu. Kuanzia leo sitaleta maji. Nitakuja kupima tu."

Akaondoka. Mghoi alipita katikati ya watu huku macho yakiangalia vidole vya miguu. Aibu ile! Akina mama waliokuwa wakiuza viazi walimpisha njia kama anavyopishwa mgonjwa wa ndui.

Njiani akaanza kuwaza upya. Kama si Mwashighadi, ni nani? Magadi yako kila nyumba. Ni jirani wa bondeni? Ni mke wa Mwashighadi? Lakini uwanja ule hauingiliki bila kuonekana kutoka mlangoni, na mlangoni muda wote alikaa Bibi Wawuda. Bibi Wawuda angemwona mtu.

Hapo Mghoi alisimama njiani.

"Hapana," akajiambia. "Nimemsingizia mmoja leo, sitamsingizia na wa pili. Tena huyu!"

Lakini shaka ikishaingia haibishi hodi tena. Alipofika nyumbani chakula kilikuwa tayari, maharage na mahindi. Bibi Wawuda alimpakulia kama kawaida, akamchagulia yaliyoiva vizuri, akampa kijiko kikubwa.

"Wamesemaje huko, mwanangu?"

"Wameonja maji yake, Mama. Ni maji matupu."

"Aa," alisema Bibi Wawuda. "Basi ana njia nyingine."

Mghoi akala. Maharage yalikuwa makavu, hayana mchuzi hata kidogo, na ndipo alipogundua kwamba kiangazi chote yamekuwa hivyo. Mchuzi wa magadi ulikuwa unakwenda wapi?

"Mama, mchuzi?"

"Nimewamwagia kuku."

Mghoi akatafuna polepole. Kuku wao waliliwa na kicheche tangu masika.

Kesho yake aliaga kwamba anakwenda kukata kuni, akashika njia, akazunguka nyuma ya migomba, akakaa humo. Ukungu ulishuka saa za mchana, ule mnene, hata nyumba ikawa kivuli. Alikaa akiomba asione kitu. Mlango ukalia. Bibi Wawuda akatoka na chungu, anatembea taratibu kwa sababu ya goti lake bovu, chungu kinafuka moshi. Alipofika kwenye mti alisogeza yale majani makavu kwa mguu, kwa uangalifu, kama mtu anayefunua mtoto shuka. Akamwaga. Akayarudisha majani mahali pake.

"Kauka," alisema kwa sauti ya chini. "Kauka, mti, kauka. Sina ugomvi na wewe."

Mghoi akatoka migombani.

Wale wanawake wawili wakatazamana, mti katikati yao. Chungu kilimwanguka Bibi Wawuda, kikavunjika.

"Mama," Mghoi akasema. "Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Nimekulaza njaa? Nimekutukana?"

"Hapana. Hapana." Mzee alikaa chini palepale, kwenye tope la magadi. "Shamba akilichukua Mwashighadi, mimi ni mama wa mwenye shamba. Nitakufa katika nyumba niliyoolewa. Ukilichukua wewe, una mikono, una ujana. Kesho utaleta mwanamume hapa, nani wa kukukataza? Naye atakutazama akuulize, bibi huyu ni wa nani? Nawe utamjibu nini? Sikukuzaa. Mwanangu aliyetuunganisha yuko chini ya ardhi. Niambie basi, ukishapata shamba, mimi ni nani hapa?"

Mghoi alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na haki. Aliokota vigae vya chungu akavitupa kando. Akachukua jembe, akaanza kuchimba ule udongo ulioungua, akiuzunguka mti taratibu asije akakata mizizi. Aliuchimba mpaka jioni. Siku zilizofuata alishuka msituni na kapu, akapanda na udongo wa chini ya mipodo mikongwe, mweusi, unaonukia mvua. Akashuka, akapanda. Akashuka, akapanda. Bibi Wawuda alimtazama kutoka mlangoni.

Siku ya gulio iliyofuata, Mghoi alimwendea Mwashighadi kule kule gulioni.

"Shemeji, nilikusingizia mbele ya watu. Nimekuja kusema hivyo mbele ya watu." Na kweli alisema, palepale gulioni, kwa sauti, hata wauza viazi wakasikia.

Mwashighadi akamtazama sana. "Basi aliyemwaga magadi ni nani?"

"Sina jina la kukutajia."

"Humjui?"

"Namjua."

Watu wakaanza kunong'ona. Wengine wakasema, hakuna magadi, ameyazusha mwenyewe. Wengine wakasema, ameumwagia kwa mkono wake ili amchafue shemeji yake. Mghoi aliyasikia yote, akabeba kapu lake akaondoka.

Maneno ya gulioni hayakai gulioni. Jirani mmoja alipita kileleni kuomba moto akamsimulia Bibi Wawuda yote: watu wanavyomsema mkamwana wake, na jinsi yeye anavyokataa kumtaja mtu. Bibi Wawuda alisikiliza, akampa yule jirani moto wake, akaingia ndani.

Kesho yake Mghoi alipoamka alimkuta mzee ameketi kando ya mti na kibuyu cha maji mapajani. Alikuwa amekwenda kisimani mwenyewe, na lile goti lake.

"Nimeleta maji," alisema.

Mghoi akachukua kibuyu. Akakitazama. Akamimina kidogo kiganjani, mbele ya macho ya yule mzee, akaonja. Maji matupu. Ndipo akaumwagia mti.

Kesho yake vilevile. Mzee analeta, Mghoi anaonja, anamwaga. Na kesho kutwa. Mvua zikaja, zikapita, kiangazi kingine kikaja, na bado: mzee analeta, Mghoi anaonja, anamwaga. Bibi Wawuda hakulalamika hata mara moja. Lakini kila Mghoi alipoinua kiganja mdomoni, mzee aligeuza uso akatazama bondeni.

Mti ulikuwa na maisha magumu, lakini haukufa. Ncha ile iliyoinama ilikauka ikaanguka, na mahali pake yakachipuka machipukizi mawili, moja huku na moja huku, yakapanda pamoja. Ukawa mpodo wenye vichwa viwili. Watu wa gulioni walianza kuelekezana kwa huo: "Ukiuona mpodo wenye vichwa viwili, shika kulia." Hata mgeni aliyekuja mara ya kwanza hakupotea.

Mwashighadi alipima vichwa vyote viwili, hakutaka kusemwa. "Bado," alisema. "Bado." "Bado." Mpaka siku moja ya gulio, wazee wakiwapo, aliinua mkono, akasimama kwa vidole vya miguu, akanyoosha hata kucha. Vidole vyake vikakamata upepo. Akajaribu kichwa cha pili. Upepo. Akashusha mkono, akauangalia kana kwamba umefupika.

"Umenipita," alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu ndugu yake afe, aliomba maji ya kunywa, akanywa, akaenda zake.

Mzee Mwanjala akasema mbele ya wote, "Hapa ni pa Mghoi." Akina mama wakapiga vigelegele, hata wale waliomsema.

Vigelegele vilipokwisha na watu kushuka, Mghoi alimtafuta mama mkwe wake. Jikoni hayupo. Kisimani hayupo. Akamkuta njiani, mwanzo wa mteremko, na mkeka wake umekunjwa kichwani na furushi la nguo kwapani. Alikuwa amefika hapo tu, kwa sababu ya goti.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Kwa Mwashighadi. Mkewe hanipendi, lakini atanipa pa kulala." Akaurekebisha mkeka kichwani. "Pale ni pako sasa. Sitaki nifukuzwe. Nimejifukuza mwenyewe."

Mghoi akauchukua ule mkeka kichwani mwa mzee, akauweka chini ya kwapa lake mwenyewe.

"Leo watu wamejaa uwanjani tangu asubuhi," alisema. "Mti haujanyweshwa. Kibuyu kiko wapi?"

Bibi Wawuda hakuelewa. "Kiko... kiko nyuma ya mlango. Nilikijaza alfajiri."

"Basi twende ukanipe."

Wakarudi pamoja, taratibu. Mzee akakitoa kibuyu nyuma ya mlango, akakileta mpaka chini ya mpodo, akamkabidhi Mghoi kwa mikono miwili. Kisha akageuza uso akatazama bondeni, kama alivyozoea.

Alisikia maji yakimwagika. Akageuka haraka. Kiganja cha Mghoi kilikuwa kikavu, na maji yote yalikuwa yanazama kwenye udongo mweusi, mizizini.

Nami ngano yangu naitua hapo hapo, chini ya mti ule. Aliyesinzia aamshwe akalale ndani. Na aliye macho atupe kuni, amruhusu mwenzangu naye aseme paukwa.